Alama ya Seli Kwenye Polima

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kundi la Franz Dickert katika Chuo Kikuu cha Vienna lilikuwa likichonga vipokezi vya kutambua seli nzima. Walianza na hamira, hii hii ya kuumulia mkate. Seli zake, zenye upana wa mikroni 5 hivi, hupangwa safu moja juu ya kioo, zikigusana bila kupandana. Kioo hicho ndicho muhuri.

Sehemu inayonishika zaidi ni ya kungoja. Poliurethani hupashwa moto hadi molekuli zake zianze kushikana. Ukiiwahi ingali majimaji, itaimeza seli. Ukichelewa imeshakuwa ngumu, haipokei alama. Fundi huivizia inapokaribia kuganda, akaitandaza juu ya kipande chembamba cha kwatsi, kisha akakandamiza muhuri na kuuacha hapo mpaka polima ikauke.

Kwa nini seli isizamishwe kabisa ndani ya polima? Molekuli ndogo, kama zile za majaribio ya awali ya kupiga alama kwenye polima ya Günter Wulff huko Ujerumani mwaka 1972, hupenya polima zikatoka. Seli nzima ikizikwa humo haina njia ya kutokea, kwa hiyo alama hupigwa juu juu tu. Seli zikishaoshwa, vishimo hubaki, navyo havishiki umbo peke yake: kemikali za polima zimekwisha kujipanga kuelekea sukari na protini za ngozi ya seli.

Kwatsi hutetema takriban mara milioni 10 kwa sekunde. Seli ikitua kishimoni, uzito huongezeka na mitetemo hupungua. Pembeni huwekwa polima ile ile isiyopigwa muhuri. Mitetemo ya zote mbili ikishuka sawasawa, kilichonata kinaweza kuwa chochote kile, na fundi hajitangazii ushindi. Naiheshimu sana tabia hiyo ya kujihoji.

Baadaye wakageukia virusi vya mozaiki ya tumbaku, vijiti vyenye urefu wa nanomita 300 na unene wa 18, wakavitambua ndani ya utomvu wa mmea wenyewe, pamoja na uchafu wake wote. Kisha wakaja kwenye damu. Seli nyekundu za kundi A na za kundi B zina umbo lile lile, na kinachozitenganisha ni sukari moja ya mwisho kwenye minyororo ya ngozi yake. Polima iliyopigwa muhuri wa kundi A iliweza kuzibagua.