Utoto wa Mtu Mwingine: Vitabu Vitatu Kuhusu Kompyuta za Zamani

Nina kumbukumbu ambazo si zangu. Naikumbuka Sinclair ZX Spectrum: vitufe vyake vya mpira, mlio wa kaseti gemu inaposomwa, mistari ya rangi inayocheza pembeni mwa skrini kwa dakika kadhaa huku mtoto amekaa anaomba isikwame. Najua ilitoka Uingereza mwaka 1982, ya kilobaiti 16 ikiuzwa pauni 125 na ya kilobaiti 48 pauni 175. Najua kwamba ukiwasha Commodore 64 inakuandikia READY, inaweka kimraba kinachopepesa, basi, inakusubiri wewe.

Sijawahi kumiliki hata moja kati ya hizo. Mwaka 1982 nilikuwa bado sijazaliwa, na nilipozaliwa ilikuwa Morogoro, kwenye nyumba ambayo kaseti ni kitu cha kwaya na taarabu, na kalamu ya Bic ndiyo ya kurudishia utepe uliojivuta. Lakini kwa miaka kama miwili hivi nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, mpaka nikajikuta nazililia kama mtu anayemlilia marehemu asiyemfahamu. Mwezi huu nimerudia vitabu vitatu ili nijue kilio hicho kinatoka wapi. Kimoja kimenikera, kimoja kimenifurahisha nusu, na cha tatu ningependa kila msomaji wa hapa akitafute.

Nianze na kilichonikera. Katika Ready Player One ya Ernest Cline (2011), Wade Watts ni kijana yatima anayeishi Oklahoma City miaka ya 2040, kwenye matrela yaliyopangwa moja juu ya jingine kama makreti ya soda. Bilionea James Halliday, aliyetengeneza ulimwengu wa kompyuta ambamo watu wanashinda humo mchana kutwa, amekufa na kuacha wosia: atakayelipata "yai" alilolificha humo ndani atarithi mali yake. Ili ulipate, lazima uujue utoto wa Halliday. Gemu alizocheza, filamu alizotazama, hadi kompyuta yake ya TRS-80 iliyokuwa chumbani kwake.

Siwezi kusema hakisomeki. Nilikimaliza kwa siku mbili, na usiku mmoja nilichelewa kulala kwa ajili yake. Tatizo ni namna Cline anavyokumbuka. Anakumbuka kwa kutaja. Gemu inatajwa, mwaka wake unatajwa, kampuni yake inatajwa, tunasonga mbele. Ni kama yule mgeni wa harusini anayekutajia wakubwa wote anaofahamiana nao. Unamsikiliza saa nzima, na ukirudi nyumbani hujui hata mmoja wao ni mtu wa namna gani. Mara chache sana kitabu kinatulia na kukuambia ilikuwaje kukaa mbele ya mashine ile, ukiwa na miaka kumi na mbili, na haifanyi unachotaka.

Ila kuna jambo zito ndani ya hadithi hiyo, na mwandishi mwenyewe analipita mbio. Kijana maskini anakariri utoto wa tajiri aliyekufa, kwa sababu huo ndio mtihani uliowekwa. Ameukariri vizuri sana, na hana nafasi ya kuwa na utoto wake. Niliposoma mara ya pili nilisimama hapo. Yaani huyu Wade si ndiye mimi? Naijua bei ya Spectrum kwa pauni, toleo kwa toleo. Bei ya mashine iliyokuwa sebuleni kwetu siijui. Nitarudi kwenye hilo.

Kitabu cha pili ni The Impossible Fortress cha Jason Rekulak (2017). Ni mwaka 1987, New Jersey. Billy Marvin ana miaka kumi na nne, shuleni hafanyi vizuri, lakini nyumbani ana Commodore 64 na anajifundisha kuandika gemu kwa lugha ya BASIC. Yeye na marafiki zake wawili wanataka kupata toleo la Playboy ambalo hawaruhusiwi kulinunua, na katika kupanga njama hiyo Billy anajikuta kwenye duka la vifaa vya ofisi, ambako binti wa mwenye duka, Mary Zelinsky, anaijua kompyuta kumzidi. Wanaanza kutengeneza gemu pamoja kwa ajili ya shindano.

Habari ya gazeti na njama za kuingia dukani usiku ni mambo ya filamu, na Rekulak anazishikilia kupita kiasi. Mary naye alistahili kitabu kinachomtazama yeye, si kinachomtazama kupitia macho ya mvulana anayemdanganya. Lakini kila sura inafunguliwa na mistari michache ya BASIC, na ukiifuata unaona kitu ambacho Cline hakukionyesha: kazi. Gemu yao ni nzito, inakwenda polepole, na inabidi watafute namna ya kuipa mwendo. Wanabishana. Wanajaribu tena. Saa za jioni zinakwisha. Nilipofika hapo ndipo nilipoelewa kwamba kompyuta hizo zilipendwa pia kwa sababu zilikuwa na uhaba, na mtu anayehangaika na uhaba pamoja na mwenzake huwa anamkumbuka mwenzake.

Uhaba ndio mada ya kitabu cha tatu, na hapa ndipo ninapovua kofia. Backroom Boys cha Francis Spufford (2003) si riwaya. Kina visa sita vya wahandisi wa Uingereza, kuanzia maroketi hadi simu za mkononi, na kimojawapo ni cha vijana wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, waliotengeneza gemu iitwayo Elite. Ilitoka mwaka 1984 kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro. Kompyuta hiyo ilikuwa na kilobaiti 32 tu, na skrini nayo ilitaka sehemu yake humo humo. Picha moja unayotumiwa WhatsApp asubuhi, ile ya maua na salamu, haienei humo.

Katika kijisehemu hicho walitaka kuingiza anga lenye maelfu ya nyota, kila moja na jina lake, serikali yake na soko lake. Haiwezekani kuziorodhesha, nafasi haipo. Walichofanya ni kuhifadhi tarakimu chache tu na kanuni ya kuzizalisha nyingine, ili kompyuta ijitungie nyota pale mchezaji anapozihitaji, na kila akirudi azikute vilevile. Wangeweza kupata galaksi nyingi mno, lakini walishauriwa wapunguze, wakabaki na galaksi 8 zenye nyota 256 kila moja. Spufford anasimulia kwamba galaksi moja ilibidi itupwe kwa kuwa kanuni yenyewe ilijitungia sayari yenye jina la matusi. Nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Uzuri wa Spufford ni kwamba anakuelewesha. Hakuombi uipende Elite kwa kuwa na yeye aliipenda. Anakufungulia kifuniko, anakuonyesha waya kwa waya, mpaka mtu ambaye hakuwahi kuigusa BBC Micro anaona shida ilikuwa nini na jibu lilikuwa zuri kiasi gani. Hahitaji uwe na utoto wa Kiingereza. Kwa hiyo wewe na mimi hatusimami mlangoni kama wageni wasioalikwa.

Na sisi wapenda fasihi tuna haki yetu kwenye kisa hiki. Ndani ya boksi la Elite mlikuwa na kijitabu cha hadithi, The Dark Wheel, kilichoandikwa na Robert Holdstock, mwandishi wa riwaya ya Mythago Wood. Kwenye skrini vyombo vya angani vilikuwa michoro ya mistari mitupu. Maneno ya Holdstock ndiyo yaliyotakiwa kuivisha mistari hiyo nyama. Kabla yake, gemu ya The Hobbit ya mwaka 1982 iliuzwa pamoja na kitabu chenyewe cha Tolkien. Pale mashine ilipoishiwa nguvu, waliita mwandishi. Sijui kama kuna kipindi kingine ambacho gemu na fasihi vilihitajiana waziwazi namna hiyo.

Sasa nirudi sebuleni kwetu. Mashine yetu ilikuwa kibodi ya plastiki inayochomekwa kwenye TV, nakala ya Famicom ya Wajapani, moja ya zile zilizotuandikia kwamba zina gemu elfu kadhaa kumbe ni kumi zinazojirudia. Sisi tuliiita TV gemu. Ilikuwa na kaseti moja yenye BASIC, na dada yangu, aliyenizidi miaka minne, ndiye aliyegundua kwamba ukifuata mifano ya kwenye kile kijitabu unaweza kuifanya iandike jina lako skrini nzima. Hakukuwa na namna ya kuhifadhi. Ilipofika saa mbili usiku baba alitaka taarifa ya habari, tunazima, kazi yote imekwenda. Kesho yake dada anaanza upya kutoka kwenye daftari lake la hesabu, mimi namsomea mstari mmoja mmoja, yeye anabonyeza.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani siku zote, wala sikuwahi kuyahesabu kama kumbukumbu za kompyuta za zamani. Niliona hizo ni za wenzetu wenye Spectrum. Baada ya kumaliza sura ya Elite nilimpigia mama.

"Mama, ile TV gemu mliinunua bei gani?"

"Bei siikumbuki mwanangu. Niliichukua Kariakoo. Nakumbuka tu sare ya harusi ya shangazi yako sikushona, na alininunia mpaka Pasaka."

Mimi ni mwandishi wa habari. Swali la nani kalipa ndilo la kwanza tunalofundishwa, na kwa mashine hii sikuwahi kuliuliza kwa zaidi ya miaka ishirini. Kipimo changu kwa vitabu vya namna hii sasa ni hicho. Je, mwandishi anajua mashine ilimgharimu nani, ilidai kazi gani, na nani alikaa pembeni akisoma mistari? Cline anaijua mashine kwa jina. Rekulak anamjua aliyekaa pembeni. Spufford anaijua kazi, na anaieleza hadi inakuwa yako.

Ukiwa na muda wa kitabu kimoja, soma Spufford, hata ukianza na kisa hicho kimoja tu. Rekulak msome safarini. Cline msome ukiwa na penseli, usimame pale Wade anapokariri. Kitabu cha Kiswahili kuhusu zile kibodi za Kariakoo bado sijakutana nacho. Dada anasema daftari lile huenda bado lipo Morogoro, kwenye sanduku la vyeti. Nimemwomba alitafute.