Mfalme wa Kompyuta na Neno Lake

Msomaji, huenda umepata kuketi mbele ya kompyuta ukatawala nchi isiyokuwapo duniani. Umejenga miji, umelima mashamba, umeunda jeshi. Kisha mpakani mwako akatokea mfalme mwingine, akakusalimu kwa adabu na kukutaka mfanye mapatano. Mfalme huyo si mtu. Ni hesabu zilizovishwa joho na kupewa sauti. Swali letu ni jepesi kuulizwa, zito kujibiwa: je, mwenendo wake katika mapatano wasadikika?

Tuutazame mchezo wa Civilization, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Katika toleo la sita, la mwaka 2016, kila mtawala alipewa jambo alipendalo na jambo alichukialo. Cleopatra wa Misri huwapenda wenye majeshi makubwa na kuwadharau wanyonge. Qin Shi Huang wa Uchina hukasirika mtu akimzidi kwa majengo ya ajabu. Gandhi wa India huwapenda wasioanzisha vita.

Mpango huu una sifa yake, wala haifai kuinyima. Mchezaji huwatambua watawala hawa kwa mienendo yao, kama sisi tunavyowatambua majirani zetu. Walakini tabia si akili. Urafiki wa mtawala huyu ni hesabu ya kujumlisha na kutoa: zawadi huongeza alama, kosa huzipunguza, na jumla yake ndiyo moyo wake. Qin aweza kukununia kwa ajili ya mnara uliojengwa mbali naye, hata kama adui wa kweli amesimama mlangoni pake. Mtu mwenye busara hujiuliza kwanza, “Ni nani awezaye kunidhuru?” ndipo aulize, “Ni nani aniudhiye?”

Wachezaji wengi walisimuliana kwamba, katika mchezo ule wa kwanza, kosa la hesabu lilimgeuza Gandhi kuwa mpenda mabomu ya nyuklia. Sid Meier, mmoja wa waliouunda, alikanusha habari hiyo katika kitabu cha maisha yake mwaka 2020. Mbona basi watu waliisadiki? Mimi naona ni kwa sababu walikwisha kuzoea kugeukwa na wafalme wa kompyuta pasipo sababu ya kuonekana. Uvumi ni mbegu; haumei pasipo rutuba.

Hata hivyo, tusimlaumu mtungaji peke yake. Mchezo wenye mshindi mmoja hulazimisha urafiki ufe siku moja. Kompyuta ikikusaliti karibu na mwisho ili ishinde, twalia kwamba haina haki. Isipokusaliti, twasema ni mwanasesere. Twaitaka iwe mshindani na rafiki wa daima kwa wakati mmoja, na hayo hayapatani.

Mwaka 1959 Allan Calhamer wa Marekani alitoa mchezo wa mezani uitwao Diplomacy. Ndani yake madola saba ya Ulaya hushindana bila kurusha dadu; mazungumzo ndiyo silaha kubwa. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya Meta walitangaza programu iitwayo Cicero, iliyocheza michezo 40 na watu kwa njia ya intaneti, ikawa katika asilimia 10 ya juu ya waliocheza zaidi ya mchezo mmoja. Haikuwa na uso wala joho. Nguvu yake ilikuwa hii: ilikisia kwanza kila mmoja atatenda nini, ikachagua lake la kutenda, ndipo ikanena maneno yanayolingana na shauri hilo.

Hapo ndipo penye jibu letu. Mpinzani husadikika neno lake, kumbukumbu yake na manufaa yake vinapokwenda njia moja, hata kama hana sura nzuri. Wengi wa wafalme wa michezo hii bado hawajafika huko. Lakini kusadikika si kuaminika. Shauri la Cicero lilipobadilika, ahadi zake ziliweza kuanguka, na watafiti wengine baadaye walionyesha mifano ya hadaa yake. Mwongo hodari naye husadikika. Ndiyo maana huhasiri watu wengi.

Basi, msomaji, cheza, na uchezapo pima. Mfalme akikupa mkono, uliza anapata nini. Akikugeuka, uliza kwa nini. Lakini usidhani kuwa mapatano yote ni alama za kujumlisha na kutoa. Mfalme wa kompyuta ukimsaliti hana kidonda, na kwa kubonyeza mara moja mchezo huanza upya. Jirani wa kweli huumia, hukumbuka, na kesho yake mtakutana tena kisimani.