Mombasa ya Kale Iliyo Chini ya Hospitali



Juzi barazani kwetu hapa yalizuka tena mabishano yale yale: Mombasa nani kaijenga? Mmoja akamtaja Mwana Mkisi, mwengine Shehe Mvita, wa tatu (huyu hakosi) akaanzia 1698, Mreno alipotolewa Ngomeni. Mie nikauliza: kuna aliyesoma ripoti ya Hamo Sassoon? Kimya.

Siwalaumu. Sassoon, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Fort Jesus, alichimba mwaka 1976 kwenye kiwanja cha Hospitali Kuu ya Pwani, kabla ya majengo mapya kupandishwa juu ya mji wa kale. Ripoti ikatoka 1980 katika jarida la Azania, kwa Kiingereza. Nimeirudia wiki hii. Bila ya kazi ile tungebaki na hadithi tupu: alionyesha kwamba watu walishakaa pale kiasi cha mwaka 1000, yaani karne tano hivi kabla Vasco da Gama hajatia nanga 1498.

Ugomvi wangu naye ni mmoja. Umri wa mji aliupima kwa kiasi kikubwa kwa vyombo vilivyotoka ng'ambo, kwa kuwa hivyo ndivyo vyenye tarehe zinazojulikana. Vigae vya vyungu vya kwetu, ambavyo ndivyo vingi, vikafuata nyuma. Haya, wewe utakisia umri wa nyumba kwa sahani walizoleta wageni? Wenyeji walikuwa wakilia nini kabla mgeni hajapiga hodi?

Tena kuna suala la mbao. Ibn Battuta alipopita Mombasa 1331 aliona misikiti ya mbao. Mji wa namna hiyo huacha madoa ya nguzo kwenye udongo, basi, na huyaoni ila umefungua eneo pana na hakuna anayekuharakisha. Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba baina ya 1980 na 1988, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti, ya tangu karne ya 8. Lakini Shanga ilihamwa tangu karne ya 15. Hakuna aliyekuwa akingojea kumwaga zege. Sassoon hakuwa na bahati hiyo, na msomaji apaswa kuikumbuka kila akutanapo na ule mwaka 1000: ni umri wa kilichofikiwa na mahandaki yake, si wa mji.

Linaloniuma zaidi ni hili. Kuanzia 1977 meli ya Mreno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome 1697, ilichimbwa msimu baada ya msimu, na vitu vyake vikawekwa makumbusho watu wavione. Mji wenyewe ukajengewa wodi.

Nimeanza kuitafsiri ripoti, nimekwama pahala pamoja. Lile shimo linaloachwa ardhini na nguzo iliyooza, mafundi wa kwetu wakiliitaje? Mwenye mzee wa kumuuliza, tafadhali amuulize.