Nani Ana Haki ya Kulalamikia Joto?

Kuna maandishi ambayo ukianza kuyasoma huyaachi, hata kama yanakuudhi: malalamiko ya wageni wanaoishi Thailand. Sisemi watalii wa wiki mbili. Nasema wale waliohamia kabisa: wastaafu, walimu wa Kiingereza, wanaume waliooa huko. Wengi ni Wazungu. Wameandika vitabu na makala nyingi, na humo wanalalamikia joto, na pikipiki zinazopita juu ya njia ya waenda kwa miguu. Wanalalamikia moshi wa Chiang Mai, kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne, wakati mashamba yanachomwa na misitu inaungua. Wanalalamika kwamba kwenye hifadhi za taifa mgeni ana bei yake na mwenyeji ana yake, na ya mgeni ni kubwa mara kadhaa. Na zaidi ya yote, wanalalamikia makaratasi.

Kwenye makaratasi wana hoja, tuseme ukweli. Mgeni mwenye visa ya muda mrefu anatakiwa kuripoti uhamiaji kila siku 90, aseme bado anaishi wapi. Mwenye nyumba akimpokea mgeni, atoe taarifa ndani ya saa 24. Anayetaka kustaafia huko awe amefika miaka 50, na aonyeshe baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Fleti anaweza kununua, lakini ardhi, kwa kawaida, haiandikwi kwa jina lake hata akae miaka ishirini. Msomaji wa kambini akifika hapo anacheka kidogo. Kuripoti? Taarifa ya mgeni aliyelala kwako? Kumbe na Wazungu wanayajua haya!

Lakini ukiyasoma mengi unaona yako ya aina mbili. Aina ya kwanza inataja kitu: fomu fulani, dirisha fulani, siku ambayo mtu alisimama saa nne akaambiwa nakala moja imepungua. Hiyo inafundisha. Hata kama hujafika Thailand, unajua jinsi ofisi inavyofanya kazi. Aina ya pili inataja watu: "Wathai wako hivi." Wanachelewa, wanatabasamu huku hawajakubali, hawasemi ukweli usoni. Hapo malalamiko yanaharibika. Mtu alikuwa na ugomvi na karani mmoja, sasa ameufanya ugomvi na taifa zima, na bado jioni anarudi nyumbani kula chakula kilichopikwa na Mthai.

Sisi tunaijua hiyo aina ya pili, kwa sababu tunaisikia ikisemwa juu yetu: "Wakimbizi wako hivi." Na tusijifiche, tunaisema wenyewe juu ya wenyeji wa vijiji vya jirani. Kwa hiyo simsomi Mzungu wa Bangkok ili nimcheke. Namsoma kwa sababu anafanya kazi ambayo na sisi tunatakiwa kuifanya: kuishi kwenye nchi ya watu na kusema ukweli juu ya maisha hayo.

Kitabu kilichonisaidia zaidi kulifikiria jambo hili hakikuandikwa na Mzungu. Kinaitwa Sightseeing, kilitoka mwaka 2005, kwa Kiingereza. Mwandishi ni Rattawut Lapcharoensap, Mthai aliyezaliwa Chicago akakulia Bangkok. Ni hadithi fupi. Tatu kati yake zinahusu wageni, na kila moja ina mgeni wa aina yake.

Hadithi ya kwanza inaitwa "Farangs". Farang ni neno la Kithai kwa mgeni Mzungu, kama sisi tunavyosema mzungu. Angalia neno lenyewe: Mburma akihamia Thailand haitwi farang, na sisi weusi tukienda hatutaitwa hivyo. Neno linachagua. Msimulizi ni kijana ambaye mama yake ana nyumba ya wageni kisiwani. Baba yake alikuwa askari wa Kimarekani, akaondoka, hakurudi. Kijana ana nguruwe anayeitwa Clint Eastwood, na ana ugonjwa wa kupenda wasichana wa kitalii ambao wataondoka tu. Humu anayelalamika ni mwenyeji. Mama amechoka na wageni ambao wanaona tembo na wasichana, basi, kingine hawaoni. Ni hadithi ya kuchekesha, na inauma.

Ya pili ndiyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu. Mzee wa Kimarekani, Perry, amepata kiharusi. Mkewe amekufa. Hana wa kumtunza, kwa hiyo anahamia Bangkok kwa mwanawe Jack, aliyeoa Mthai anayeitwa Tida. Mzee analalamika tangu mwanzo. Joto. Chakula. Wajukuu ambao haelewani nao. Mwili ambao haumtii. Mawazo yake mengine ni ya aibu kabisa. Anaiwazia familia ya mwanawe kwa maneno ambayo mtu asingeyasema mbele za watu.

Mwandishi mwingine angemwadhibu. Angemfanya Mzungu mbaya tumzomee, au angemleta mtawa wa Kibuddha amfundishe unyenyekevu. Huyu hakufanya hivyo. Alimwacha mzee alalamike mpaka achoke, na sisi wasomaji taratibu tunaona asichokiona yeye: kwamba yupo hai kwa sababu ya mikono ya watu anaowanung'unikia. Mwisho wanaenda kwenye sherehe ya hekaluni, na mzee yule mgonjwa anapanda vile vigari vya kugongana vya watoto. Hakuna hotuba. Anagongana tu na watu, na anafurahi. Nimesoma ukurasa huo mara nyingi. Malalamiko yake madogo madogo ndiyo yaliyonifanya nimjue. Bila hayo angekuwa "mzee mwenye ulemavu", kama anavyoandikwa mtu kwenye fomu.

Ya tatu inaitwa "Priscilla the Cambodian", na hii naipenda na nagombana nayo. Priscilla ni msichana mkimbizi kutoka Kambodia. Mdomo wake umejaa meno ya dhahabu: baba yake alikuwa daktari wa meno, na vita vilipokaribia aliificha dhahabu ya familia mahali ambapo mtoto angeweza kukimbia nayo. Wakambodia wamejenga vibanda karibu na mtaa wa maskini Bangkok. Wenyeji nao hali yao ni mbaya, wanahisi mtaa wao unazidi kuzama, na usiku mmoja akina baba wanakwenda kuvichoma vile vibanda. Anayetusimulia ni mtoto wa mmoja wao.

Ni hadithi yenye nguvu, sikatai. Lakini ziweke tatu pamoja. Mthai amepewa nafasi ya kulalamika. Mzee wa Kimarekani amepewa kurasa nyingi za kulalamikia hadi jua. Mkimbizi amepewa meno ya dhahabu, ujasiri, na moto. Malalamiko yanayosikika zaidi humo ni ya wenyeji dhidi ya wakimbizi. Utaniambia msimulizi ni mtoto, na mtoto anaona anachokiona. Ni kweli, na kwa macho ya mtoto aibu ya baba inaonekana vizuri sana. Ila mwandishi ndiye aliyemchagua mtoto huyo. Angeweza kumpa mama yake Priscilla nafasi kama aliyompa Perry. Mama huyo naye alikuwa mgeni anayeishi Thailand. Naye alisikia joto.

Mambo haya yana historia. Mwaka 1979 Thailand ilitunga sheria ya uhamiaji ambayo inatumika hadi leo, na mwaka huohuo Wakambodia walikuwa wanamiminika mpakani, ikafunguliwa kambi ya Khao-I-Dang. Thailand haijasaini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kwa hiyo mbele ya sheria moja, mstaafu mwenye pensheni ni mgeni mwenye visa, na Mkaren aliyekimbia Myanmar ni mtu aliyeingia bila ruhusa. Kambi za mpaka wa Myanmar zipo tangu 1984. Ni tisa, kubwa kuliko zote ni Mae La, na kuna watu wamezaliwa humo wakazaa humo. Kutoka bila kibali ni kosa. Ni mwaka 2025 tu serikali ilipokubali wakimbizi hao waombe ruhusa ya kufanya kazi nje kihalali. Yule wa Chiang Mai anaripoti kila siku 90 anakasirika, na ana haki ya kukasirika. Lakini wa Mae La akikasirika kwa sababu wali una mawe, nani atachapisha?

Hapa ndipo linatuhusu. Mkimbizi anaruhusiwa maumivu makubwa tu. Vita, njia ya porini, mtoto aliyefia mgongoni. Baada ya hapo anaruhusiwa kushukuru. Fungua matoleo ya nyuma ya jarida letu hili uhesabu: mashairi ya vita, mashairi ya shukrani, insha za matumaini. Ni mazuri, mengine yaliniliza. Lakini yupo wapi aliyeandika juu ya njegere ambazo kuni zinaisha na zenyewe hazijaiva? Juu ya turubai linavyopiga kelele usiku wa upepo? Juu ya jina lako linalosomwa vibaya kwenye orodha mwaka wa saba, na wewe unaitika tu? Vijana ninaofanya nao kazi wanayasema hayo kutwa nzima, kwa ucheshi ambao sijauona kwenye kitabu. Ukiwapa kalamu, wanaandika "Tunawashukuru wafadhili."

Wanaogopa. Wameambiwa anayelalamika hana shukrani, na kwamba mahali pa malalamiko ni kwenye sanduku la maoni. Sanduku ni jambo jema, lakini linapokea tatizo halafu linatoa namba. Hadithi inampokea mtu mzima, na hasira zake, na utani wake, na ubaya wake pia. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, mkikutana na ukurasa wa namna hiyo, msikimbilie kutafuta nani alaumiwe. Someni kwanza hadi mwisho, kama mnavyomsoma Perry.

Na sisi waandishi tujifunze kutoka kwa hao Wazungu wa Thailand, mazuri yao na mabaya yao. Taja kitu, siku, foleni, harufu. Usiseme "wenyeji wako hivi", sema mtu mmoja alifanya nini. Na jiweke ndani ya hadithi, hata pale ambapo hupendezi. Toleo lijalo bado lina kurasa tupu. Mwenye neno juu ya njegere, alete.