Hidrojeni Ndani ya Kigumu: Kutoka Kinu cha Kinshasa hadi Jiwe la Tabaka

Atomu ya urani-235 inapopasuka hurusha nyutroni kwa kasi ya takribani kilomita 20,000 kwa sekunde. Nyutroni yenye kasi hiyo ni nadra kupasua atomu nyingine. Sharti ipunguzwe hadi kilomita 2 hivi kwa sekunde, na hakuna kinachoipunguza upesi kama hidrojeni, ambayo kiini chake kina uzito karibu sawa na wa nyutroni. Maji yana hidrojeni tele, ila joto likizidi huchemka na kutoweka. Ndiyo sababu wajenzi wa vinu vya nyuklia wamehangaika kutafuta hidrojeni iliyofungwa ndani ya kitu kigumu.

Mfano bora wa kazi hiyo barani Afrika uko Kinshasa, nchini Kongo. Mwaka 1959, Chuo Kikuu cha Lovanium, chini ya Monsinyori Luc Gillon, kiliwasha TRICO I, kinu cha kwanza cha nyuklia barani. Nchi ambayo urani yake ya Shinkolobwe, Katanga, ilikuwa imechimbwa kwa wingi na kupelekwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ilistahili angalau hicho. Kilikuwa kinu kidogo cha utafiti, cha kilowati 50, cha aina ya TRIGA iliyobuniwa na kampuni ya General Atomic ya Marekani.

Siri ya TRIGA imo katika fueli yenyewe. Kwa uzito, kijiti cha kawaida kina urani asilimia 8.5 tu, iliyorutubishwa kufikia karibu asilimia 20 ya urani-235. Sehemu kubwa iliyobaki ni zirikoni iliyonyweshwa hidrojeni. Zirikoni ilichaguliwa kwa sababu hunasa nyutroni chache mno na huishika hidrojeni hata ikiwa moto. Vijiti vya mwanzo vya aina hii vilivishwa aluminiamu, vya baadaye chuma kisichoshika kutu. Ncha zake ziliwekwa grafiti ili kurudisha nyutroni ndani, na fimbo za kudhibiti zikabeba boroni, inayomeza nyutroni.

Ubora wa mchanganyiko huo huonekana kinu kinapopandisha nguvu ghafla. Fueli ikipata joto, atomu za hidrojeni zilizomo hutikisika kwa nguvu na kuzirudishia nyutroni kasi badala ya kuipunguza. Upasukaji hufifia papo hapo, kabla mtu hajagusa kitufe. Usalama huo umo katika maumbile ya madini, wala hautegemei umeme, pampu au umakini wa zamu ya usiku. Huu ni ubunifu wa hali ya juu kabisa. Huko Kinshasa, TRICO II, ya megawati 1, ilifuata mwaka 1972 na ikasimama mwaka 2004.

Hidrojeni hiyohiyo inahitajika pia nje ya kiini cha kinu, kwenye kinga ya mionzi. Zege la kawaida huzuia nyutroni kwa maji yaliyobaki ndani yake, lakini likipita nyuzi 100 za Selsiasi huanza kuyapoteza. Wahandisi wa Kisovieti walitumia kokoto za serpentini, jiwe la kijani lenye maji asilimia 13 yaliyofungwa ndani ya fuwele, ambalo huyashikilia hadi nyuzi 450 hivi. Vinu vyao vya aina ya VVER vina zege la jiwe hilo, na mfuniko mkubwa wa vinu vya aina ya Chernobyl ulijazwa serpentini.

Hapo ndipo linapoingia swali kama jiwe la Tabaka, kaunti ya Kisii nchini Kenya, laweza kufanya kazi hiyo. Jiwe la sabuni la Tabaka huchongwa kwa panga na kisu, kisha hupigwa msasa likiwa limelowa. Ulaini wa mawe ya namna hii hutokana na madini yaliyopangika kama karatasi zinazoteleza. Talki, madini maarufu zaidi ya kundi hilo, nayo ina maji ndani ya fuwele na huyashikilia hata kupita nyuzi 800. Lakini maji hayo hayafiki asilimia 5, karibu theluthi ya yale ya serpentini. Tena kokoto laini hudhoofisha zege. Kikwazo kikubwa zaidi ni kutofanana: machimbo ya Tabaka hutoa mawe meupe, ya waridi, ya kijivu na ya manjano. Kwa mchongaji huo ni utajiri. Kwa mjenzi wa kinu ni kazi ya kupima kila shehena, kwa kuwa chembe ndogo za kobalti ndani ya jiwe hugeuka chanzo cha mionzi zikipigwa na nyutroni.

Kenya imekusudia kujenga kinu chake kupitia Wakala wa Nishati ya Nyuklia. Ikihitaji jiwe la kinga la humu nchini, pa kuanzia ni miamba ya serpentini ya Sekerr, Pokot Magharibi. Jiwe la Tabaka libaki mikononi mwa wachongaji.