Mpwa wa Scrooge: Jina la Undugu na Jambo la Msamaha

Hadithi ya Noeli aliyoiandika Charles Dickens, iliyotolewa London mwezi wa Desemba 1843 kwa jina la A Christmas Carol, yasimuliwa na walimu hata kwa watoto wasiojua Kiingereza. Watoto humkumbuka Scrooge bahili, na mizuka iliyomtembelea usiku, na Tim mdogo aliye kiwete. Fred, kijana mcheshi ajaye kumwalika mzee chakulani, husahauliwa upesi. Sisi twaona kwamba hapa Katubuka, na katika mji wote wa Kigoma na Ujiji, huyu ndiye apasaye kutazamwa kwanza, kwa sababu lugha yetu yaweza kumweleza vizuri kuliko lugha aliyozaliwa nayo.

Kiingereza kina neno moja tu kwa mtoto wa kaka na mtoto wa dada. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Mtoto wa ndugu yangu mume ni mwanangu, nami ni baba yake, mkubwa au mdogo. Bali mtoto wa dada yangu ni mpwa wangu, nami ni mjomba wake. Basi msimulizi hana budi kuuliza kabla ya kufungua kinywa: Fred ni nani kwa Scrooge? Jibu limo ndani ya hadithi yenyewe. Mama yake ni Fan, dada mdogo wa Scrooge, aliyekufa akamwacha mtoto mmoja tu. Mwalimu asemaye "mtoto wa ndugu yake" hakukosa sana, lakini amekwisha kuufunga mlango ambao hadithi nzima hupitia.

Maana tazameni. Mzuka wa kwanza wamwonyesha Scrooge alipokuwa mtoto wa shule, ameachwa peke yake siku za Noeli wenziwe wote wamekwenda kwao. Mlango wafunguka, aingia Fan, amekuja kumchukua nyumbani. Miaka mingi baadaye, mkesha wa Noeli, mlango wa ofisi wafunguka, aingia mwana wa Fan, amekuja kumwita mjomba wake nyumbani. Ni kazi ile ile ya mama iliyorithiwa na mwana. Dickens hakulisema jambo hili waziwazi. Alionyesha tu ya kwamba Scrooge alifadhaika moyoni alipokumbushwa kuwa dada yake aliacha mtoto. Katika jamaa zetu, ambamo mpwa huitazamwa kama alama ya dada aliyeolewa na kwenda mbali, wasikilizaji wataelewa bila kuelezwa.

Wako wasomaji wamwonao Fred kuwa mwepesi mno. Husema: kusamehe si kazi kwa mtu mwenye moto mzuri, mke mzuri na wageni tele. Neno hili lina uzito, wala hatulipuuzi. Lakini lazima tuhesabu alilostahimili. Mjomba aliichukia ndoa yake, hakupata kukanyaga nyumbani kwake, na siku ile ofisini alimkatiza kwa salamu ya kuagana, tena na tena. Wahenga wetu wamesema, "Akufukuzaye hakwambii toka." Fred aliufahamu ufukuzi huo, akatoka bila neno la hasira, akasimama mlangoni kumsalimu karani Bob Cratchit, na mwaliko wake haukufutwa. Tena hakutaka mali. Ndugu mui heri kuwa naye: methali hii Fred aliitenda, ingawa hakuijua.

Jambo gumu zaidi ni mchezo wa nyumbani kwake usiku wa Noeli. Wageni wamwuliza Fred maswali, wakibahatisha mnyama anayemfikiria, mnyama mkali aishiye London. Na mnyama huyo ni Scrooge. Wote wacheka. Huku kwetu, kumfananisha mjomba na mnyama mbele ya shemeji na wageni ni aibu, na mwalimu atakayelipita hapo haraka ataulizwa na wanafunzi wake. Je, ni kusengenya? Twadhani si kusengenya, ila yakaribia. Utani una ruhusa yake, lakini mtani husema usoni, hasemi kisogoni. Dickens aliona shaka hiyo, kwa maana amemweka Scrooge chumbani humo humo, haonekani, asikia yote. Naye hakukasirika, bali aliomba kama mtoto akae zaidi. Kisha Fred akawataka wageni wanywe kwa heri ya mjomba wake. Hata hivyo kicheko kile hatukipendi sana.

Hapo hapo Fred asema neno dogo ambalo wasimulizi huliacha. Atamwalika mzee kila mwaka, asema, hata kama faida yake ni kumlainisha tu amwachie karani wake maskini pauni 50. Karani yule alipata shilingi 15 kwa juma, yaani pauni 39 kwa mwaka. Basi pauni 50 ni mshahara wa mwaka mmoja na miezi mitatu na zaidi. Aliyekuwa akitukanwa alikuwa akiwaza shida ya mtu mwingine. Lakini twaongeza lawama moja: katika maono ya siku zijazo, Fred amwahidi Bob msaada mtoto alipokwisha kufa. Huruma yake ilijua kualika; kwenda kutafuta haikujua.

Karamu yenyewe si kitu. Noeli ya mwaka 1871 Livingstone na Stanley waliila Ujiji, na mpishi aliwaharibia chakula. Siku mbili baadaye wakaondoka pamoja kuelekea Unyanyembe.

Mwisho Scrooge aenda. Apita mbele ya mlango wa Fred mara nyingi kabla ya kuthubutu kubisha hodi. Msimulizi wa Kiswahili atashawishika hapa kumtungia hotuba ya toba, na Fred hotuba ya kusamehe. Tunamsihi asiitie. Mzee asema amekuja kula, auliza kama ataruhusiwa kuingia, na mpwa wake amshika mkono na kuutikisa kwa nguvu karibu ya kuung'oa. Msamaha ulikuwa umekwisha kutolewa zamani, kila Noeli, mlangoni pa ofisi. Kilichokosekana ni mtu wa kuupokea. Hodi na karibu zatosha.