Ngoma Iliyo Mbali

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Na tulipime kwa habari ya ngoma moja ya mto Tana.

Wapokomo, ambao mashamba yao hufuata kingo za mto huo hata karibu na Garsen, walikuwa na ngoma kuu iitwayo ngadzi. Haikuwa ngoma ya kuchezwa arusini. Ilitunzwa na wazee kwa siri. Mlio wake ulikuwa wito wa ibada na ishara ya mamlaka, na wanawake na watu wasioingizwa chamani walikatazwa kuiona. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa Kiingereza waliitwaa, na tangu 1908 imo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, imewekwa ghalani. Viongozi wa Wapokomo wameomba irudishwe.

Hapa pana maswali mawili, na msomaji asiyachanganye. La kwanza ni la haki: ngoma ni ya nani? Jibu lake halihitaji imani. Wapokomo wengi leo ni Waislamu au Wakristo, wala hawaitazamii ngadzi iwaokoe. Lakini aliyetwaa mali ya mtu kwa nguvu hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mwenyewe haitumii tena.

Swali la pili ni la akili: ikirudi, je, irudi pamoja na makatazo yake? Siri ile iliwapa wachache nguvu juu ya wengi, na hofu ikawa ukuta wa kuzuia maswali. Atakayesema kwamba binti wa Garsen asiione kwa kuwa ndiyo mila, hatetei ngoma, atetea amri. Na kila amri ina wajibu wa kutoa sababu. Wageni wenye ufunguo wa ghala huko London wamekwisha kuiona. Itakuwaje binti wa mto wenyewe afichwe?

Basi ngadzi na irudi, iwekwe mahali ambapo wake kwa waume wataitazama na kusimuliwa habari zake zote, za fahari na za hofu. Mwacha mila ni mtumwa, ndiyo. Lakini aifuataye bila kuuliza naye hajawa huru.